Maswali na majibu: picha za watoto wa zamani

Nina picha ya babu yetu akiwa mtoto, ilipigwa studio hapa Tanga. Amevaa kanzu, koti na viatu, nyuma pana pazia la maua. Je, walikuwa na uwezo? (Msomaji, Ngamiani)

Pazia usilihesabu, lilikuwa mali ya studio. Studio nyingi zilikuwa hata na koti la kuazima. Isogeze picha karibu. Mikono ya koti imeishia wapi? Ikifunika vidole, au viatu vikimpwaya, huenda havikuwa vyake. Kisha tazama kofia. Ikiwa ni ya viua, iliyodariziwa kwa mkono, ni kazi ya wiki nyingi, na kwa kawaida hiyo ilitoka nyumbani. Mimi ningeanzia hapo. Lakini hata koti likiwa la kuazima, usiwaone wazee wako waongo. Picha yenyewe ilikuwa na gharama, na waliilipia ili watu wajue mtoto huyu ana kwao.

Mbona wavulana wa Ulaya walichorwa na magauni? (Msomaji, Bagamoyo)

Ndivyo walivyovaa, mpaka miaka minne, mitano, wengine hadi saba. Mchoraji Van Dyck alipowachora watoto wa Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza mwaka 1635, mrithi wa kiti alikuwa na miaka 5, na kwenye mchoro ulioko Turin, Italia, yumo ndani ya gauni. Mvulana utamtambua kwa alichoshika: upanga mdogo, ngoma, au mkono juu ya mbwa mkubwa.

Ni kweli binti wa kifalme alichumbiwa kwa picha? (Msomaji, Pangani)

Kweli, na habari hii huniuma. Margarita wa Hispania, aliyezaliwa 1651, aliposwa angali mdogo na Kaizari Leopold wa Kwanza wa Vienna, Austria, mjomba wake wa damu, ndugu wa mama yake. Velázquez, mchoraji wa baba yake mfalme, alimchora mara kadhaa, na picha zikapelekwa Vienna ili wakweze wamwone anavyokua. Kwenye ile ya 1659 ana miaka 8. Gauni la buluu limetanuka kiunoni hata mikono haiwezi kuning'inia, na mkono mmoja umebebeshwa manyoya ya thamani. Nguo yote inataja mali ya baba. Aliolewa 1666, akafariki 1673, na miaka 21.

Shanga nyekundu shingoni mwa watoto wa Ulaya kwenye michoro ya zamani ni za nini? (Msomaji, Chumbageni)

Marijani. Ilikuwa ghali, na waliamini inazuia kijicho; sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa zaidi. Wenye nacho waliifunga pia kwenye mpini wa fedha wenye njuga, mtoto aitafune meno yanapoota.