Wadogo zangu wenye ligi za mieleka ya kuandika, kaeni hapa kidogo

Wiki hii nimeona tena dogo wa miaka 16 ameanzisha ligi, hizi zetu ambazo kila mwandishi anabuni mwanamieleka wake na bosi wa ligi anaamua nani ashinde, ana waandishi 11 na mikanda 9, yaani ukikaa karibu na mlango tu unapewa ubingwa, na mkanda mkubwa kuliko yote anao nani? Anao bosi mwenyewe. Nikamfuata inboksi nikamwambia mdogo wangu, njia hiyo naijua, nimeshaipita na naijua inapoishia. Akanijibu "tulia bro, stori ya mwaka mzima nimeshaipanga." Na mimi nilikuwa nayo ya mwaka mzima, nimeichora kwenye daftari kubwa kwa kalamu za rangi tatu, ikafa wiki ya kumi na moja.

Kwa hiyo naandika hapa yale ambayo hata mngenipa hela ningewaambia bure. Promo, yale maneno mhusika wako anayomwambia mpinzani kabla ya pambano, mnaijua, keifebi, ile ya kushikilia kwamba yote ni kweli, mnaijua, kadi ya shoo, yaani orodha ya mapambano, mnajua kuipanga, sina haja ya kuwafundisha hayo.

1. Piga hesabu ya maneno kabla hujatangaza shoo kila wiki. Mapambano 8, kila moja uliandike kwa maneno 700, hayo ni maneno 5,600, bado matangazo, bado sehemu za nyuma ya jukwaa, bado kusoma promo 16 za watu na kuamua nani kashinda, na wewe Jumatatu una mtihani. Anza na shoo moja kila wiki mbili, mapambano matano. Ukiona kuandika mechi kumekushinda, kuna programu kama TNM zinazokutolea matokeo, wewe unabaki na stori, wala sio aibu, ligi nyingi za zamani ziliendeshwa hivyo. Kinachoua ligi ni matokeo kuchelewa. Mtu ametuma promo yake Ijumaa, moyo unamdunda, anasubiri Jumapili aone, unampa Alhamisi ya wiki inayofuata, umemuua.

2. Waandishi 12, mikanda miwili. Basi.

3. Bifu lazima liwe na kitu kilichovunjika. Mnanichosha na hizi bifu za "nitakuangamiza" na "hujui mimi ni nani", wahusika wote ni mashetani, wote hawajawahi kupigwa, wote wametoka gizani, sasa hilo giza limebaki na nani? Angalieni wanamieleka wa kweli, Randy Savage na Ricky Steamboat. Novemba 1986 Savage alipanda juu ya kamba akamshukia Steamboat kooni na kengele ya ulingoni, jamaa akatolewa nje hawezi hata kuongea. Pambano lao kwenye shoo kubwa ya WrestleMania III lilikuja tarehe 29 Machi 1987. Miezi minne watu wanafikiria koo moja tu! Siku Steamboat anamnyang'anya Savage mkanda wake hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini ni muhimu. Ninyi mnaanzisha bifu Jumanne, Ijumaa mmeshapigana, Jumapili ni marafiki. Chagueni kitu kimoja, koo, goti, barua, buti zilizoibiwa, mkikalie miezi miwili.

Na usimwandikie mhusika wa mwenzako maneno ambayo hajayakubali. Unamkuta dogo kwenye promo yake anaandika mpinzani "alilia akaomba msamaha". Aliomba lini? Muulize mwenye mhusika.

4. Bosi asigombee mkanda mkubwa. Hapa nitakaa sana, mnivumilie.

Nilianzisha ligi yangu nikiwa na miaka 15, tulikuwa 14, na sheria ya nne kwenye sheria zangu, niliyoiandika kwa mkono wangu, ilisema bosi haruhusiwi kushindania ubingwa. Nilijua kabisa. Nilikuwa nimesoma habari za Septemba 1999, Vince McMahon mwenye kampuni ya mieleka ya WWF alipompiga mwanamieleka wake Triple H akajivisha mkanda wa WWF, siku chache tu akauachia. Mwaka uliofuata, Septemba tena, Vince Russo aliyekuwa anaandika stori za WCW, kampuni iliyoshindana na WWF, akaupata mkanda mkubwa wa kule, na Machi 2001 WCW ikauzwa kwa wapinzani wao. Sisemi ni mkanda ule ulioiua, WCW ilikuwa na magonjwa mengi, ila mimi niliyasoma hayo nikajiambia sitafanya kamwe.

Halafu nikafanya kwa kujificha, na hapo naona McMahon alinizidi heshima maana yeye alijivisha mbele ya macho ya watu.

Sababu yangu ilikuwa hii. Kila nilichoandika kilisifiwa, na sikujua wanasifia maandishi au wanamsifia bosi anayepanga nani ashinde. Nikatamani kujua kama kweli naweza. Nikafungua barua pepe nyingine, nikatengeneza mhusika anaitwa Kivuli, nikamwingiza kwenye ligi kama mgeni kabisa, hata fomu ya kujiunga nikajaza nikajitumia mwenyewe nikajijibu "karibu sana". Kivuli akaanza kushinda. Aliyekuwa anaamua ni nani? Mimi. Sasa mtu anayetaka kujua kama anaweza kuandika, anajipima kwa mzani anaoushika mwenyewe, alipata jibu gani? Sikupata. Mpaka leo kile nilichotaka kujua kupitia Kivuli sikijui.

Tulikuwa na mwandishi mmoja mkimya sana, mhusika wake anaitwa Fundi, mwanamieleka mzee aliyestaafu anashona buti za wanamieleka wengine, karudi ulingoni msimu mmoja tu. Promo zake hazikuwa na kelele, Fundi anaongea huku anavuta uzi. Nawaambia ukweli, alikuwa mwandishi bora kuliko mimi na wote tulijua. Fainali ya shoo kubwa ikawa Fundi na Kivuli.

Promo kwetu zilitumwa kwangu, zinafunguliwa zote kwa pamoja dedilaini ikishapita Ijumaa usiku, ili anayetuma mwisho asisome ya mwenzake akaijibu neno kwa neno. Utaratibu mzuri. Kasoro yake ni moja, zote zinapitia kwa bosi.

Jumatano ikaingia ya Fundi. Nikaisoma nimesimama, sikumbuki kwa nini sikukaa. Fundi yuko chumba cha kubadilishia nguo anajifunga plasta vidoleni. Zamani alikuwa anafungwa na baba yake kabla ya kila pambano, mzee amefariki, sasa anajifunga mwenyewe, mkono wa kushoto anaumaliza vizuri tu, anahamia wa kulia, lakini vidole vya kushoto vimeshafungwa vimekuwa vigumu, haviwezi kushika ncha ya plasta, kwa hiyo kidole cha mwisho cha mkono wa kulia hubaki wazi. Kila pambano tangu mzee aondoke anapanda ulingoni na kidole kimoja kiko wazi. Aya moja tu hiyo, mistari kama kumi.

Alhamisi usiku nikakaa nikaandika ya Kivuli nikiwa na ya Fundi pembeni imefunguka. Kila alichosema nikakijibu. Na mwisho nikamalizia na mstari ambao wakati ule niliuona ndio mstari bora niliowahi kuandika, Kivuli anamwambia, nitaanza na kile kidole ambacho baba yako hayupo tena kukufunga.

Ijumaa mchana jamaa akatuma tena promo yake, toleo jipya. Nikadhani kasahihisha herufi mbili tatu. Nikanakili nikabandika bila kusoma, dedilaini ikapita, nikazifungua zote, nikatangaza Kivuli ndiye bingwa mpya.

Mtu wa kwanza kutoa maoni aliuliza swali fupi, "kidole gani?"

Sikumwelewa. Wa pili naye akauliza. Nikarudi kwenye promo ya Fundi kuwaonyesha, naitafuta ile aya ya plasta, haipo. Nikafungua barua pepe ya Ijumaa, na juu kabisa, kabla promo haijaanza, alikuwa ameniandikia: "Bosi, tumia hii. Ile aya ya kidole nimeitoa, ni ya baba yangu mimi kweli, nimeona siwezi kuiweka mbele za watu."

Watu wote 14 walikuwa wameshasoma. Kumi na wawili hawakuelewa ule mstari, mmoja alielewa.

Usiku ule akaniandikia maneno matatu, "Kivuli ni nani?" Nikamjibu ni bahati mbaya, labda mawazo yamegongana, wanamieleka wengi wanafunga plasta. Nilimwandikia hivyo mtu ambaye nimesoma habari za baba yake. Akajibu "sawa." Hakumwambia mtu yeyote. Angeniumbua mbele ya ligi nzima siku ileile, na hakufanya.

Wiki iliyofuata hakutuma promo. Watu wakauliza Fundi yuko wapi, na mimi nikawaambia ameingia mitini. Kati ya yote niliyofanya hilo ndilo linaloniamsha usiku, kuliko hata mkanda. Mwandishi ambaye hakuwahi kuchelewa dedilaini hata mara moja, nikamuandika kwenye orodha ya watoro, mbele ya jina lake nikaweka kile kialama chekundu tulichokuwa tunaweka. Nilikaa hivyo wiki tatu, Kivuli ana mkanda, naandika promo za ubingwa hazinyooki, kila nikifungua ukurasa mweupe namuona yule mtu anahangaika na plasta.

Mwisho nikawaambia wote. Niliandika kila kitu, Kivuli ni mimi, nilisoma kwanza, Fundi hajaingia mitini, mkanda ni wake kama bado anautaka. Tukabaki watano. Wiki mbili baadaye nikafunga.

Sasa mnapouliza "kwani nikigombea lakini nikawa mwaminifu?", jibu langu ni hapana. Unataka kuandika, nenda kaandike kwenye ligi ya mwingine. Mimi baadaye nilifanya hivyo, nilijiunga sehemu kama mwandishi wa kawaida nikapigwa mapambano sita mfululizo, na yalikuwa mapambano sita matamu. Kwako ukitaka mhusika, mfanye meneja, mfanye mtangazaji, mfanye refa mzembe, ila asiguse mkanda. Na promo ziamuliwe na watu watatu, kila mmoja aandike sababu mistari miwili kabla hajaona za wenzake, na zipokelewe na mtu ambaye mhusika wake hapigani usiku huo. Ni kazi ya dakika kumi kuipanga.

5. Mtu akinyamaza, muulize kabla hujamwita mtoro. Mwandikie faragha, mpe wiki moja, mhusika wake umuandikie jeraha la bega la heshima, asipigwe dakika mbili kama adhabu. Wengi wana mitihani, wengine wamenyang'anywa simu, mwingine unakuta wewe ndiye uliyemfukuza na hujui.

Na sura za wahusika, zile picha za wanamieleka wa kweli mnazowapa, anayewahi ndiye mwenyewe, wawili wasichukue picha ya mwanamieleka mmoja, msigombane kwa hilo tena nawaomba.

6. Hifadhi kila kitu. Promo, kadi, matokeo, hata zile mbaya, hata toleo la kwanza. Weka sehemu mbili. Ligi hizi zinafunguliwa na kufungwa, watu wanapotea, na maandishi ya mtu akiwa na miaka 15 hayapatikani tena popote.

Kama miaka miwili baada ya kufunga, ikaingia barua pepe kwenye ile anwani ya zamani ya bosi ambayo nilikuwa naifungua mara moja moja. Ni yeye. Hakusalimia sana. Alisema kompyuta yake iliharibika, vitu vyake vyote vya ligi vimepotea, na kuna aya moja aliiandika akaitoa, hakubaki nayo, na mtu pekee ambaye aliwahi kutumiwa ni mimi, je bado ninayo?

Nilikuwa nayo. Barua ya Jumatano, haijaguswa. Nikaandika msamaha mrefu, nikaufuta, nikaandika mwingine mfupi, nikamtumia pamoja na promo nzima kama ilivyokuja.

Alijibu kesho yake asubuhi. "Nimeipata bosi. Asante kwa kutoifuta."