Sfinksi wa dukani kwenye meza ya vita

Ndugu, umeuliza kama yule Sfinksi (simba mwenye kichwa cha mtu) wa rezini uliyemnunua Giza, Misri, zile sumaku za friji na ile piramidi ya kioo, vinaweza kuingia kwenye meza yako ya mchezo wa vita wa vijisanamu vya milimita 28, yaani kimo cha mtu mmoja hivi. Vingi vinaingia, ila kwanza sahau kwamba ndiye yule Sfinksi Mkuu. Yule ana urefu wa mita 73. Kwa kipimo chako angezidi mita moja, na meza ingekuwa yake peke yake! Wako wa sentimita 15 mfanye sanamu ya njiani, kama zile zilizopangwa kati ya mahekalu ya Karnak na Luxor. Ukipata wawili, waweke pande mbili za lango.

Kinachomchongea ni ile rangi ya dhahabu. Muoshe kwa sabuni, akauke, kisha kwangua maandishi ya "Egypt" kwenye kitako kwa msasa wa maji. Vaa barakoa, vumbi la rezini si la kuvuta. Piga rangi ya msingi, halafu kahawia iliyozimuliwa iingie kwenye mikunjo ya kilemba. Ikikauka, chukua brashi uliyoifuta karibu rangi yote ya krimu, upitishe juu juu tu. Kingo zitajitokeza zenyewe. Mbandike kwenye kipande cha plaiwudi kwa gundi kali, kisha paka gundi nyeupe pembeni na umwage mchanga uliochekechwa.

Sumaku zenye michoro ya miungu bandua sumaku yenyewe nyuma, uvipachike vibao vyake kwenye kuta za majengo ya mezani kama nakshi za hekalu. Piramidi ya kioo mpe mtoto achezee.