Akipatikana na bangi, usimwachie mtaa

Mimi ni fundi wa cherehani hapa Kaptembwo, Nakuru. Sare za shule ndizo zinazonilisha, na suruali ya mwanangu niliishona mwenyewe, pindo nikalimalizia kwa mkono. Jumamosi moja nikifua, kidole kikapita kwenye pindo la mguu wa kulia nikahisi limevimba. Nikaligeuza. Mshono haukuwa wangu. Ulikuwa wa uzi mweusi kwenye kitambaa cha kijivu, hatua ndefu ndefu kama za mtu anayeshona gunia. Nilipoufumua nikakuta misokoto miwili ya bangi. Karatasi yake ilikuwa nyembamba, ina maandishi madogo. Alikuwa ameichana kwenye Agano Jipya dogo alilopewa akiwa darasa la saba.

Alikuwa na miaka 15, kidato cha pili, shule ya kutwa.

Tangu habari hizo zijulikane, akina mama wanaoleta nguo kibandani wamekuwa wakisubiri wateja wengine waondoke, kisha wananiuliza kwa sauti ya chini: wewe ulifanyaje? Nayaandika hapa yote, pamoja na niliyoyaharibu, kwa sababu ndiyo mengi.

La kwanza nilimpiga. Nikampigia kelele mpaka jirani akaja kubisha. Yeye akanyamaza, na kunyamaza huko kukaendelea wiki tatu, hadi shule ilipomkamata na wenzake wanne nyuma ya vyoo. Wakasimamishwa masomo wiki mbili, warudi na wazazi. Nikamwambia, "Baba, utakaa nyumbani usome." Nikamwachia ufunguo, chai kwenye chupa na viazi kwenye sufuria, nikaenda zangu kazini. Saa moja asubuhi hadi saa moja jioni, siku kumi na nne.

Karibu na kwetu kuna mahali pa kuoshea magari ambapo vijana wa miaka ishirini na kitu hushinda. Pale kuna muziki, kuna stori, na wana wakati naye. Mimi sikuwa nao. Kabla ya kusimamishwa, mwanangu alikuwa akivuta Jumamosi tu. Aliporudi shuleni alikuwa akivuta kila siku, anatafuna muguka, yale majani ya jamii ya miraa, na alishaonja tembe zinazomezwa kwa soda. Haya alinieleza mwenyewe miezi mingi baadaye, tulipoweza tena kuongea.

Siwalaumu walimu kwa kuogopea watoto wengine. Lakini mzazi mwenzangu, barua ya kumsimamisha ikifika mkononi mwako, swali la kwanza liwe hili: kesho saa nne asubuhi atakuwa na nani? Usipokuwa na jibu, mtaa unalo. Kama una mama mzazi anayeweza kukaa naye, au shangazi, mwombe siku hiyo hiyo. Kama huna, nenda naye kazini, hata ukiona aibu.

Tulisimamishwa mara ya pili, ndiyo. Safari hii nilimwendea naibu wa mwalimu mkuu kabla kijana hajatoka langoni. Nilimwomba aadhibiwe akiwa ndani ya shule. Alikataa. Nilirudi kesho yake na mwalimu wa ushauri nasaha akiwa upande wangu, tukakubaliana: ataingia darasani, mapumziko atakaa ofisini kwa mwalimu huyo, na jioni wenzake wakitoka yeye atafyeka nyasi hadi saa kumi na moja unusu. Jumamosi alikuwa wangu. Nilimfundisha kupiga pasi na kukaza vifungo. Saa zile za jioni ndizo zilizokuwa zikimponza, kati ya kengele ya mwisho na mimi kufunga kibanda. Tulipozijaza, vishawishi vilipungua hata kabla moyo wake haujageuka.

Sasa nije kwenye chanzo, maana hapo ndipo nilipojidanganya. Nilidhani kuna mtu mbaya aliyesimama langoni mwa shule. Kumbe kilichotangulia ni sigara, na sigara ilitoka nyumbani. Mume wangu huendesha lori kwenda Malaba na kuvuka hadi Kampala. Akiwa nyumbani alikuwa akimtuma kijana dukani: "Niletee mbili." Mwenye duka alimzoea, hakuuliza kitu, ingawa sheria ya tumbaku ya 2007 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Alipofika miaka 12 alianza kuvuta pumzi moja moja njiani. Mimi nilikuwa nikiona anatumwa, na nilinyamaza.

Ndiyo maana uchunguzi wa 2022 wa NACADA, mamlaka ya serikali inayopambana na ulevi na dawa za kulevya, ulipoonyesha kwamba wapo walioonja tumbaku wakiwa na miaka 6, pombe wakiwa na 7 na bangi wakiwa na 8, wenzangu kwenye chama walishangaa na mimi sikushangaa. Mtoto wa miaka 6 hana pesa wala njia ya kumtafuta muuzaji. Naamini anakipata kwa mtu mzima aliye karibu naye. Dada yangu anaishi Obunga, Kisumu, ambako chang'aa, pombe kali ya kienyeji, imesomesha watoto wengi. Siwezi kumhukumu mama anayepika ili alipe karo. Ninachomwomba ni kimoja: mtoto asionje ili kupima ukali wake, na asiwapelekee wateja glasi. Amtume maji, amtume kuni.

Kuzungumza na mume wangu kulikuwa kugumu kuliko kuzungumza na mtoto. Alikasirika, akaondoka na lori bila kuniaga. Baada ya siku nne akapiga simu kutoka Malaba akasema atakuwa akijinunulia mwenyewe. Hajaacha kuvuta, ila havutii tena nyumbani, wala hamtumi mtoto.

Kuhusu dalili, macho mekundu yasikupe hakika wala yasikuondolee shaka. Nakuru ina vumbi. Mimi ningeangalia pesa. Alikuwa akiomba ya kuchapisha kazi za shule kila wiki, na sarafu za kwenye mkebe wangu wa vifungo zilikuwa zikipungua. Alikuwa na marafiki wasio na majina: "ni rafiki tu, mama." Alikuwa akimaliza nusu sufuria ya githeri saa kumi na moja, kisha halali hadi usiku wa manane. Na kulikuwa na kichupa cha dawa ya macho kwenye mkoba wake, ilhali hakuna daktari aliyemwandikia.

Alipokubali kuacha, mshauri wa hospitalini alinitayarisha kwa jambo nisilolijua. Alisema anayeacha bangi baada ya kuvuta kila siku huwa mkali, hana hamu ya chakula, hapati usingizi. Hali hiyo hupanda siku za mwanzo na kwa kawaida hushuka baada ya wiki mbili hivi. Usiku wa nne kijana wangu aliupiga mlango teke hadi bawaba ikalegea. Bila maneno yale ningeliita lile ushetani. Nilimpa uji, nikakaa mlangoni hadi alfajiri.

Lakini sikiliza hapa vizuri: kama wako anakunywa pombe kila siku, au anameza tembe za usingizi, usimfungie ndani akaache ghafla. Anaweza kupata degedege, na anaweza kufa. Mpeleke hospitali kwanza. Usipojua pa kuanzia, piga 1192, nambari ya NACADA, ni ya bure. Mimi niliipiga nikiwa kibandani nimeshafunga mlango, kwa sababu sikutaka mtu anisikie. Watoto wenyewe wana 116, bure pia. Mwambie mwanao nambari hiyo hata kama unaona haihitaji.

Ameanguka mara moja. Ilikuwa Agosti, tulipoenda Kakamega kumzika mjomba. Mnaijua disko matanga: jenereta, spika kubwa, watu wazima wamechoka na msiba, na hakuna anayeuliza watoto wako wapi saa saba usiku. Tukirudi, matatu ikiwa imeshapita Kericho, akaniambia bila kunitazama, "Mama, nilivuta." Mdomo wangu ulishafunguka nimkemee. Nikaufunga, nikamuuliza ni nani aliyempa. Ni binamu yake. Nikamwambia asante kwa kuniambia, na Jumatatu tukaenda kwa mwalimu wa ushauri nasaha pamoja.

Desemba kuna kumbukumbu ya mjomba, na tutaenda. Nimeshaongea na kaka yangu anayekaa ng'ambo ya mto. Usiku wa muziki kijana atalala kwake, na alfajiri watakuja wote wawili kupanga viti.