Paa la zamani, fundi asipande kwanza

Swali: Anko habari, tumerithi nyumba ya mzee huku Ilala, ya miaka ya 60, paa lina yale mabati mazito ya kijivu kama simenti, fundi anataka kesho ayapige nyundo yashuke fasta tuweke ya rangi. Jirani anasema eti ni sumu, kweli?

Jibu: Mwambie fundi atulie. Inaweza kuwa asbesto, yaani nyuzi za madini zilizokuwa zinachanganywa na simenti, ila kwa macho tu huwezi kujua, kipande lazima kiende maabara kikaangaliwe kwa hadubini. Yakiwa mazima huko juu hatari ni ndogo, balaa ni ukiyavunja au kuyakata, vumbi lake hata hulioni, unalivuta leo halafu saratani inaweza kuja baada ya miaka 20 hata 40, fundi ulishamsahau. Tafuta mtaalamu akague nyumba yote kabla hamjagusa kitu, silingi bodi na mabomba pia. Ikithibitika, yanalowanishwa maji, yanashushwa mazima mazima na kufungwa kwenye nailoni nzito, pa kutupa waulizeni NEMC, wale wa serikali wanaosimamia mazingira. Na jamani msimgawie mtu akajengee banda la kuku, huo mchezo Dar nimeuona.