Barua kwa mwanangu: kosa lipi uwaambie

Mwanangu Neema,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti niliukuta nilipotoka thieta, nikausikiliza mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa garini hata injini sijawasha. Umeitwa kwenye usaili wa shule ya uuguzi wa usingizi, kazi yangu hii ya kumlaza mgonjwa kabla ya kupasuliwa, zimebaki wiki tatu, na unaniuliza: wakisema "tuambie kosa ulilowahi kufanya kwa mgonjwa," uwatajie lipi? Wenzako wa ICU, wadi ya wagonjwa mahututi, wanakushauri uchague dogo lisilo na madhara, kwa mfano kuchelewa kujaza faili. Halafu ukaongeza harakaharaka, kama mtu anayetaka asisikike, kwamba unaiogopa ile C ya kemia, na swali la kwa nini hukusomea udaktari.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na kwa sababu kuna jambo sijawahi kukwambia. Mwaka 2008 nilirudi nyumbani nikasema shule ya usingizi imejaa. Haikuwa imejaa, mwanangu. Nilikataliwa. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, ukanichemshia chai ya tangawizi ukaiunguza maziwa, na mimi nikainywa yote kwa aibu ya kukudanganya.

Sikia ilivyokuwa.

Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa zamu ya usiku ICU, na mgonjwa aliyetoka kupasuliwa utumbo. Maambukizi yalikuwa yameingia kwenye damu, presha yake inashikiliwa na norepinefrini, dawa ya kupandisha presha, na ana mpira kwenye mshipa wa ateri pale kwenye kifundo cha mkono, ule unaosoma presha kila pigo la moyo. Wastani wa presha ulikuwa 68, na sisi tulitaka usishuke chini ya 65. Tukashusha kitanda ili tumgeuze na kumsafisha. Wewe mwenyewe unajua kile kipimo cha presha kinatakiwa kikae usawa wa moyo. Chetu kilikuwa kimefungwa kwenye nguzo. Kitanda kikashuka, kipimo kikabaki juu.

Kioo cha mashine kikaonyesha 47. Nikaongeza dawa. Nikangoja kidogo, nikaongeza tena.

Aliingia muuguzi mmoja mzee, Mfilipino, mtu wa maneno machache. Hakutazama kioo kwanza. Alitazama kitanda, akatazama nguzo, akakishika kile kipimo akakishusha mpaka usawa wa kwapa la mgonjwa. Namba ikaruka ikapita 100. Kila sentimita kumi kipimo kinapokuwa juu ya moyo kinakuibia karibu milimita 7 za zebaki, na mimi nilikiacha juu kwa kadiri ya sentimita ishirini na nane. Presha ya yule baba haikuwa imeshuka hata kidogo. Mimi ndiye niliyempandishia. Tukapunguza dawa pole pole, mgonjwa akapona akarudi kwao. Yule mzee akaniambia, "Nenda kaandike ripoti mwenyewe, kabla sijaiandika mimi." Nikaandika huku mkono unatetemeka.

Sasa ndiyo nakaa mbele ya watu watatu, mwaka 2008, wananiuliza kosa langu. Nikajibu, "Namshukuru Mungu, sijawahi."

Mmoja wao akaandika kitu kifupi sana. Nadhani ilikuwa neno moja tu.

Nimekaa miaka nikijiuliza kwa nini nilisema vile, maana si uongo ninaousema kila siku. Bibi yako wa Muheza alitulea kwamba aibu ya nyumba haitoki mlangoni, na mtu mzima akikuuliza unainamisha macho, unajibu kwa kifupi. Hata kujisifu hatukufundishwa. Walipouliza "wewe ulifanya nini?" mimi nikawa najibu "tulifanya, tulimpa, tulimwita daktari." Kwetu hiyo ni adabu. Pale mezani walisikia mtu ambaye hajafanya kitu yeye mwenyewe. Kwa hiyo ukiingia, Neema, shikamoo iache kwenye gari, watazame machoni hata kama wana umri wa babu yako, na useme "mimi" pale ulipokuwa wewe. Pale mlipokuwa wengi sema "sisi", usije ukavuka mpaka ukageuka mtu wa kujipigia debe.

Mwaka uliofuata nikaomba shule nyingine, swali likaja lilelile, nikawapa kisa cha kipimo na nguzo. Hakuna aliyenihurumia na hakuna aliyekasirika. Walianza kuuliza. Je, kama kipimo kingeanguka sakafuni? Nikasema kingeonyesha presha nzuri ilhali mgonjwa anakwisha, na hilo linanitisha zaidi. Norepinefrini ikizidi inafanya nini kwenye vidole, kwenye figo, kwenye moyo? Zile alfa na beta, vipokezi vya mwilini ambavyo dawa hiyo huvigusa, nilizikesha usiku mzima baada ya kosa lile, nikazijibu kama ninayesoma. Unaona hapo? Nilipowaambia kosa la kweli, niliwaelekeza kwenye eneo ninalolijua kuliko yote. Ukiwapa faili lililochelewa watakuuliza nini? Hawana cha kukuuliza. Wataruka kwenda kwenye mada nyingine wanayoichagua wao, na wewe hujui watatua wapi.

Lako unalijua. Ni lile la pampu ya insulini, ulilonipigia saa kumi alfajiri ukilia. Sukari ilitakiwa kupimwa kila saa, ukapitisha mbili, ikashuka hadi 52. Liseme hivyo hivyo, kwa namba zake. Sema mgonjwa alipatwa na nini, ulifanya nini dakika ileile, ulimwambia nani, na tangu siku ile unafanya nini tofauti. Ile saa ya mkononi unayoitegesha ilie kila dakika hamsini, iseme. Mlikuwa wachache zamu ile, najua, ulinilalamikia wiki nzima. Hilo usilianze wewe. Wakikuuliza mazingira yalikuwaje, jibu kwa sentensi moja uishie hapo.

Kuhusu maswali ya kitaalamu, hayo wanaweza kuyasukuma mpaka ufike mwisho wa unachojua, kwa makusudi. Wanataka kuona ukifika ukutani unafanyaje. Mimi niliulizwa kwa nini mtu aliyeungua siku nyingi zilizopita asipewe saksinilkolini, dawa ya kulegeza misuli. Nilijua inapandisha potasiamu mpaka moyo unaweza kusimama. Sababu yake sikuijua. Nikasema: "Najua potasiamu inapanda, kwa hiyo nisingempa. Kinachosababisha sikijui, leo nitakisoma." Yule mama aliyeuliza akanieleza palepale, kwamba misuli ya mtu aliyeungua inaota vipokezi vingi nje ya mahali pake, na dawa ikivigusa vyote potasiamu inamwagika kwenye damu. Nikamwona ameanza kufundisha, nikajua nimekaa vizuri. Sema "sijui" yenye kitu mbele yake na kitu nyuma yake. Sijui tupu ni uvivu, na kubahatisha ni hatari zaidi, maana thietani mtu anayebahatisha amesimama kichwani pa mgonjwa ambaye hawezi kumwambia acha.

C ya kemia: ulikuwa unafanya usiku kwenye nyumba ya wazee na asubuhi unakwenda darasani. Ulirudia somo ukapata A. CCRN, ule mtihani wa wauguzi wa ICU, umefaulu. Sentensi tatu, ukomee hapo. Usiivishe C nguo za msiba.

Hili la udaktari nataka ulichukue taratibu, kwa sababu ndilo linaloweza kukutoa machozi ya hasira. Watu wengi, hata wa nyumbani, wanadhani sisi ni madaktari tulioshindwa njiani. Bibi yako mwenyewe nilipomweleza kazi yangu alisema, "Kumbe wewe ndiye mtu wa nusu kaputi," akacheka, akaniuliza daktari wenyewe yuko wapi. Usijibu kwa kuwasema madaktari vibaya. Wengine mezani pale wanaweza kuwa madaktari, na kesho mtafanya nao kazi. Jibu ukijua kazi hii ina ukoo wake. Hapa kwetu Minnesota, mjini Rochester, muuguzi Alice Magaw alikuwa anadondosha etha, dawa ya usingizi, tone kwa tone kwenye kitambaa cha usoni huku akizungumza na mgonjwa mpaka alale. Mwaka 1906 alichapisha taarifa ya wagonjwa zaidi ya 14,000 waliolazwa usingizi bila hata kifo kimoja kilichotokana na usingizi huo. Huko kwako Ohio, Agatha Hodgins wa Cleveland ndiye aliyewakusanya wauguzi wa usingizi wakaunda chama chao mwaka 1931. Na mwaka 1936 mahakama ya juu kabisa ya California iliamua, madaktari walipompeleka kortini muuguzi Dagmar Nelson, kwamba kumpa mgonjwa usingizi kwa maelekezo ya daktari mpasuaji ni uuguzi halali. Usiwasomee haya kama shairi. Yaweke tu kichwani ili wakikuuliza usijisikie mgeni.

Jibu lenyewe ulishanipa bila kujua. Mwezi uliopita ulipomfuata yule muuguzi wa usingizi siku nzima, ulinisimulia habari za mzee aliyekuwa anaogopa kuvaa barakoa ya hewa. Muuguzi hakumlazimisha. Alimpa aishike mwenyewe kwa mkono wake, akamwacha avute hewa mwenyewe, akawa anamuuliza habari za mbwa wake mpaka dawa ikamchukua. Ukaniambia, "Mama, mtu mmoja, mgonjwa mmoja, kila pumzi." Hilo ndilo. ICU unagawanya macho yako kwa wagonjwa wawili na simu za ndugu zao, na umechoka na hilo ingawa unaipenda. Waambie hivyo.

Mengine ni mafupi. Tangu 2022 hapa Marekani wanaoanza masomo haya wanasomea shahada ya uzamivu, ile inayompa mtu jina la daktari, miaka mitatu mizima. Mimi nilitoka na ya uzamili, kwa hiyo utanipita na nitakuita daktari mbele za watu mpaka uone haya. Ndani ya miaka hiyo kuna saa zisizopungua 2,000 za kazi kwa wagonjwa, na shule nyingi zitakukataza au kukusihi usifanye kazi ya mshahara. Wanaweza kukuuliza utaishije. Uwe na jibu lenye namba: kodi ya nyumba, bima, akiba iliyopo, mkopo unaobaki. Mimi niliulizwa, nikasema "Mungu atasaidia," wakacheka kwa upole, lakini wakangoja niendelee. Na pesa za kila mwezi za kwa bibi, hizo nitazibeba mimi peke yangu miaka hiyo mitatu. Usibishane.

Umeuliza pia kama usubiri mwaka mwingine ICU. Wanataka usiopungua mmoja, wewe una mitatu na nusu, na wagonjwa wako ni wa mashine na dawa za presha kila zamu. Nenda.

Suti ile ya bluu inatosha, ila vishikizo vyake vimelegea. Vishone wewe, usimpe fundi wa mtaani kwako, aliharibu ya binamu yako.

Alhamisi sina zamu. Nipigie saa mbili usiku kwa saa za huko kwako. Nitakuwa mkali, nitajifanya sikujui, na nitaanza na insulini. Usiniite mama mpaka tumalize.

Mama yako