Re: Kurudi kazini kutanipunguzia msongo au kutaniongezea?

Dada, unalea watoto wawili peke yako na kazi uliyopewa ni ya zamu, kwa hiyo hofu yako ina msingi. Marie Jahoda, mwanasaikolojia aliyechunguza kijiji cha Marienthal, Austria, miaka ya 1930 baada ya kiwanda kufungwa, alionyesha kwamba kazi humpa mtu zaidi ya mshahara: mpangilio wa siku, watu wa kuzungumza nao, heshima. Hayo utayapata.

Kinachomwangusha mzazi aliye peke yake mara nyingi ni ratiba, kuliko hata wingi wa saa. Zamu ikibadilishwa jioni, hakuna mwenzako wa kumpokea mtoto, na akili hubaki imekaza hata siku ya mapumziko. Kabla ya kusaini, uliza ratiba hutolewa siku ngapi kabla (chini ya 7 ni hatari kwako), kama utaruhusiwa kupokea simu, na mtoto akiugua inakuwaje. Tafuta watu wawili wa akiba. Mmoja hatoshi, naye huugua.

Piga hesabu hivi: mshahara, toa malezi na nauli, gawa kwa saa zote pamoja na za safari. Ikibaki kidogo mno, utachoka bila kupata unafuu wa fedha, na deni nalo hukosesha usingizi.

Huzuni au kukosa hamu ya chochote ikidumu wiki 2, karibu kila siku, mwone mhudumu wa afya. Mawazo ya kujidhuru yakija, nenda siku hiyohiyo.