Wasomaji Wauliza: Tahadhari Imetoka, Mbona Watu Hawaondoki?

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Tanga na Bagamoyo, na karibu zote zinahusu tahadhari: za upepo, za kimbunga, za tsunami, na zile zinazorushwa kwenye simu bila kujulikana mwenyewe. Tumechagua tano.

Assalaam alaykum. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ilitoa angalizo la upepo mkali. Tukalaza ngalawa siku mbili, bahari ikawa shwari. Vijana sasa wanasema hizo ni porojo. Niwajibu nini?
*Nahodha, Kaole, Bagamoyo*

Waalaykumu salaam, nahodha. Waanze kwa kuisoma taarifa yenyewe, maana wengi hushika neno moja, "upepo", mengine yakawapita. TMA ina rangi nne: kijani ni hakuna tahadhari; njano ni angalizo; rangi ya chungwa ni tahadhari; nyekundu ni tahadhari kubwa. Rangi haipimi upepo peke yake. Inatokana na mambo mawili yanayoandikwa kwenye taarifa ileile: uwezekano wa jambo kutokea, na kiwango cha athari likitokea. Angalizo lenye uwezekano wa wastani tayari linakuambia kwamba huenda lisitokee. Bahari ikitulia, aliyetoa angalizo hakusema uongo.

Tena angalizo la pwani mara nyingi hutajwa kwa mikoa kadhaa pamoja, kutoka Tanga hadi Mtwara na visiwani. Kaole inaweza kuwa shwari siku ambayo mkondo wa Pemba umechafuka. Waulize waliovua Pangani siku hizo mbili. Viwango vinavyotajwa sana ni upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Kwa ngalawa na mitumbwi tunasema wazi: hali hiyo ikitajwa, msitoke.

Kimbunga ni habari nyingine, na hapa ndipo imani ya watu huumia zaidi. Njia ya kimbunga inaweza kukosewa kwa makumi ya kilomita hata siku moja kabla, na nguvu yake kupanda au kushuka ghafla. Jobo, Aprili 2021, kilidhoofika kabla ya kufika nchi kavu, na wengi wakabaki na kumbukumbu ya tahadhari bila dhoruba. Hidaya kiliingia Mafia tarehe 4 Mei 2024. Kutoka Mafia hadi Bagamoyo ni chini ya kilomita 200, umbali mdogo sana kwa kitu chenye upana mkubwa kama kimbunga. Na asiseme mtu kwamba Bagamoyo haiguswi: dhoruba ya tarehe 15 Aprili 1872 iliyoipiga Unguja ilibomoa pia majengo ya misheni ya Bagamoyo. Kimbunga cha Lindi cha 1952 nacho kilikuwa Aprili. Miezi ya masika, kaskazi inapokwisha na kusi kuanza, ndiyo ya kusikiliza redio kila jioni.

Jambo moja la kufanya: wekeni ubao pale mnapouzia samaki. Andikeni tarehe, rangi, kasi ya upepo na urefu wa mawimbi uliotabiriwa. Siku ya pili mwandike kilichotokea kwenu na kwa waliokuwa mbali. Msimu ukiisha vijana watakuwa na kumbukumbu ya kweli, si ile siku moja iliyowaudhi.

Habari za kazi. Usiku mmoja sauti ilisambaa kwenye magrupu ya WhatsApp: "Tsunami inakuja, hameni pwani yote." Jirani mmoja akapakia watoto kwenye bajaji, mwingine akateremka ufukweni kutazama. Nitajuaje kweli na uongo bila kupoteza muda?
*Mama wa watoto watatu, Raskazone, Tanga*

Pole kwa usiku huo, mama. Tahadhari iliyoandaliwa vizuri ina mambo matano: nani ameitoa, hatari gani, sehemu ipi, kuanzia saa ngapi, na ufanye nini. Sauti hiyo haikuwa na mwenyewe wala saa, na "pwani yote" si mahali mtu anapoweza kupima kama yumo au hayumo.

Kwetu tahadhari ya tsunami hutoka TMA, ambayo hupata taarifa za vituo vya Australia, India na Indonesia vinavyoihudumia Bahari ya Hindi tangu 2011. Fungua kurasa zake rasmi, washa TBC Taifa, kisha mpigie mwenyekiti wa mtaa. Wakati unahakikisha, usiisambaze sauti ile hata kwa kuuliza "jamani ni kweli?" Anayepokea hushika neno tsunami, swali lako halioni.

Muda wa kuhakikisha kwa kawaida upo. Tetemeko la tarehe 26 Desemba 2004 karibu na Sumatra lilitokea saa 9:58 usiku kwa saa zetu, na mawimbi yakachukua zaidi ya saa nane kuifikia pwani ya Tanzania. Hata hivyo watu wasiopungua 10 walikufa nchini, wakiwemo waliokuwa wakiogelea Dar es Salaam. Kenya, ambako watu waliondolewa fukweni mapema, aliyeripotiwa kufa ni mmoja. Bahari ilikuwa ileile. Kilichotofautiana ni nani aliambiwa atoke majini.

Kuna hali mbili za kutongoja uthibitisho wa mtu yeyote. Ya kwanza ni tetemeko kali linalodumu sekunde 20 au zaidi ukiwa pwani. Ya pili ni bahari kukimbia ghafla. Watu wa Tanga mnajua kupwa kwa maji ya bamvua: maji huteremka mita tatu hivi na fungu lote kuwa wazi, lakini huchukua saa sita na kila mvuvi anajua saa yake. Yakikimbia kwa dakika chache, nje ya saa zake, huo si wakati wa kuokota pweza. Panda juu, mbali na ufuko na midomo ya mito, au ghorofa ya tatu na kuendelea ya jengo imara la zege, na ukae huko kwa saa kadhaa. Wimbi la kwanza mara nyingi si kubwa kuliko yote, na wengi huuawa na la pili kwa sababu waliteremka kutazama uharibifu. Yule jirani yako aliyekwenda ufukweni ndiye wa kuzungumza naye kwanza.

Ndugu wahariri, heshima zenu. Nimetangaza mafuriko kwa kipaza sauti mara mbili. Watu wanatoka, wanasimama barazani, wanapigiana simu, lakini hawaondoki. Huu ni ukaidi? Nifanyeje?
*Mwenyekiti wa mtaa, Tanga*

Si ukaidi, mwenyekiti. Wanaochunguza mwenendo wa watu kwenye maafa wameliona jambo hili nchi baada ya nchi: anayesikia tahadhari haondoki papo hapo. Kwanza hutafuta mtu anayemwamini amthibitishie, huchungulia majirani wanafanya nini, hujiuliza kama kweli inamhusu yeye. Ile simu anayompigia shemeji ni sehemu ya kuamua. Huwezi kuifuta hatua hiyo, unaweza kuifupisha.

Anza na maneno. Tangazo liandikwe mapema, liachwe nafasi za kujaza, lisomwe jinsi lilivyo. Mfano: "Hii ni kamati ya maafa ya mtaa. Sasa ni saa 10 jioni. Maji ya mto yanapanda na yanaweza kuingia nyumba zote za chini ya barabara ya lami kabla ya saa 1 usiku. Walio chini ya barabara waondoke sasa kwa miguu kwenda shule ya msingi. Wa juu ya barabara wabaki. Tutatangaza tena saa 10 na nusu." Taja alama ambazo kila mtu anazijua: mnazi mkubwa, kisima, msikiti fulani. Rudia mara mbili, kisha nyamaza ili watu wasikilizane. Ukisema "chukueni tahadhari" umewaachia kazi yote wao.

Pili, maneno hayohayo yatoke kwenye vinywa viwili au vitatu kwa wakati mmoja: spika ya msikiti, kanisa, balozi anayepita mlango kwa mlango, grupu la mtaa. Mtu akimpigia shemeji na shemeji naye ameshasikia vilevile, uthibitisho umepatikana kwa dakika moja. Bangladesh, baada ya kimbunga cha 1970 kilichoua watu wanaokadiriwa kuwa 300,000 au zaidi, walijenga mpango wa watu wa kujitolea vijijini wanaotangaza kwa vipaza sauti na kupandisha bendera: moja, mbili, au tatu, kadiri hatari inavyokaribia. Vifo vya vimbunga huko vimepungua mno, na waliolibeba jambo hilo ni majirani wanaofahamika kwa majina.

Tatu, ondoa vikwazo visivyosemwa. Mama haondoki kabla mtoto hajarudi shule, kwa hiyo kubalianeni na walimu watoto wapelekwe wapi, na mzazi alijue hilo kabla ya masika. Mwenye duka haondoki kwa hofu ya wezi, kwa hiyo ulinzi shirikishi upewe zamu na tangazo liseme hivyo. Na shule mnayokimbilia, ufunguo uko kwa nani saa 8 usiku? Tumeona mipango mizuri inayokufa kwenye kufuli. Ufunguo wa pili ukae kwa mtu anayeishi jirani na shule, na jina lake liandikwe kwenye mpango.

Nne, sauti moja iwe na maana moja. Lahaina, Hawaii, Agosti 2023, ving'ora vya pwani havikupigwa wakati wa moto. Maofisa walieleza kuwa watu wamezoea kwamba king'ora ni tsunami, na wangekimbilia mlimani, ambako ndiko moto ulikokuwa. Mkichagua ngoma, debe au king'ora kwa ajili ya mafuriko, kisitumike kwa mwizi wala mkutano.

Kwenye hesabu zako, chukulia kwamba umeme utakatika mapema, kwani upepo huuangusha kabla maji hayajafika. Amplifaya ya volti 12 pamoja na spika za tarumbeta hufanya kazi kwa betri ya gari. Ya wati 30 inavuta ampia 3 hivi, 4 ukiikazia. Betri ya Ah 40, ukitumia nusu tu ili isiharibike, inakupa kama saa tano. Ijaribuni kila mwezi. Kinachoharibika mara nyingi ni vichwa vya betri kuota kutu ya chumvi: visugueni, muvipake grisi.

Usingoje uhakika kamili. Valencia, Hispania, tarehe 29 Oktoba 2024, ujumbe wa simu kwa wakazi ulitoka baada ya saa 2 usiku, wakati mitaa mingi imeshafurika. Zaidi ya watu 220 walikufa katika mafuriko hayo. Na ukikosea, futa upesi. Hawaii, tarehe 13 Januari 2018, ujumbe wa kombora usio wa kweli ulitumwa saa 2:07 asubuhi, na wa kuufuta kwenye simu ukachukua dakika 38. Andika tangazo la kufuta siku ileile unapoandika la hatari. Andika na la tatu, la kusema "hatari imekwisha, rudini", kwa sababu tusipolitoa watu hujirudisha wenyewe.

Madaraka unayo: Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati hadi ngazi ya mtaa na kijiji. Zoezi lifanywe mara moja kabla ya masika na litangazwe wazi kuwa ni zoezi, mwanzo na mwisho.

Shikamooni. Kaka yangu yuko masomoni Japani. Anasema simu zote darasani zililia pamoja kabla ya tetemeko. Kwa nini ujumbe wa kawaida hauwezi hivyo?
*Mwanafunzi wa kidato cha tano, Bagamoyo*

Marahaba, mwanetu. SMS huenda kwa kila namba peke yake, kwa foleni; watu laki moja wakitumiwa, wa mwisho anaweza kuipata imeshapitwa na wakati. Mfumo aliouona kaka yako haujui namba yoyote. Mnara hurusha ujumbe mmoja, na kila simu iliyo chini yake huupokea kwa sekunde chache, kama redio, hata mtandao ukiwa umejaa. Ukurasa mmoja una herufi 93 na kurasa zinaweza kufika 15. Simu iliyozimwa au iliyo kwenye hali ya ndege haipati kitu. Kwenye simu janja, tafuta "tahadhari za dharura" ndani ya mipangilio na uhakikishe hazijazimwa.

Ukiwa kwenye dharura yenyewe, wewe tuma SMS badala ya kupiga. Inahitaji nafasi ndogo sana ya mtandao na hupita pale simu ya sauti inapokataa. Namba 112 ya polisi na 114 ya zimamoto ziachieni wenye shida.

Nikiwa baharini nikasikia tsunami inakuja, nirudi?
*Mvuvi, Pangani*

Kama umeshafika kwenye maji yenye kina cha zaidi ya mita 100, baki huko au sogea nje zaidi. Mkondo wa Pemba ni wa kina kirefu, na kwenye kina tsunami hupita chini ya chombo bila kuhisiwa. Inanyanyuka inapokaribia nchi kavu. Kama uko karibu na ufuko na muda unatosha, rudi, acha chombo, panda juu. Usirudi bandarini mpaka utangaziwe, kwani mikondo ya ajabu huendelea kwa saa nyingi. Kwa kimbunga ni kinyume chake: rudi mapema, tahadhari ikiwa bado ya siku moja au mbili mbele. Kabla ya kutoka, acha kwa kiongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe) jina la chombo, idadi ya watu na upande mnaokwenda. Beba redio ndogo ya betri na simu iliyojaa chaji ndani ya mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine, uliofungwa kwa mpira.